Nikitoka Kwenye Pikapu, Nyigu Watafungwa

Mpendwa Dada Vashti,

Naomba msaada kwenye safu yako ya gazeti, na uelewe mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote hapa Tillery, banda langu nilijenga mwenyewe, meno yangu mabovu niling'oa mwenyewe, na shule niliiacha darasa la nne pamba ilipoiva na mpaka leo sijaona nilichokosa, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala wewe soma tu.

Jambo lenyewe ni hili. Msimu huu Nyigu, timu ya Chuo cha Mount Olivet ya mpira ule wa Kimarekani wa kurusha kwa mikono na kugongana, hawajafungwa hata mara moja, na anayewashindisha ni mimi.

Sisemi kwa kujisifu, ushahidi upo. Mechi ya kwanza nilikwenda uwanjani kama kawaida, tanuri langu la moshi liko nyuma ya pikapu na mbavu za nguruwe zimelala kwenye siki na pilipili tangu jana yake, mbavu ambazo watu hutoka Memphis kuja kuzinusa tu, nikafika mahali pangu pale penye nguzo ya taa karibu na lango, ambapo nimekuwa nikipika kabla ya kila mechi tangu uwanja hauna hata paa, nikakuta kijana kavaa fulana ya rangi ya machungwa kasimama hapo hapo.

"Mzee, sehemu hii sasa ni ya magari ya wafadhili. Wewe umepangiwa kule nyuma ya uwanja wa mazoezi."

"Kule kwenye mtaro?"

"Si mtaro, Mzee. Ni nyasi."

"Nyasi zenye vyura ni mtaro."

Nikageuza gari nikarudi nyumbani na mbavu zangu zote. Mke wangu Ozella alikuwa keshaingia uwanjani na akina mama wa kwaya. Redio ya ndani ameifunga kwenye nyimbo za dini na mkono wangu hauruhusiwi kuigusa, basi nikakaa kwenye pikapu uani, nikafungua redio ya gari, nikavua kiatu cha kushoto kwa sababu kile kidole kina sugu, nikawa nakula mbavu nimenuna. Dada, Nyigu wakashinda! Waliwapiga watu ambao hatujawapiga tangu mjukuu wangu ana meno ya utoto.

Utasema ni bahati. Hata mimi nilisema ni bahati. Wiki ya pili Ozella akanivuta nikaenda, bila tanuri, maana mimi nikisema sipiki mtaroni sipiki. Kufika mapumziko tulikuwa tumepigwa vibaya mpaka wapiga tarumbeta wetu wanapuliza kama wako msibani. Shemasi Hosea Gillum, ambaye ni rafiki yangu na hasimu yangu na tunakaa benchi moja miaka yote, akanigeukia taratibu.

"Lucious, wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kwenye pikapu."

"Na sasa hivi unafanya nini hapa?"

"Naangalia mpira kama wewe."

"Ondoka."

"Hosea, nimelipia kiti."

"Nitakurudishia kwa karanga. Nenda nyumbani, bwana wee, unatuua!"

Mstari mzima ukaanza kupiga makofi wakiimba nenda nyumbani, nenda nyumbani, hata wanawake wa heshima. Nikaenda kwa hasira. Nikaingia kwenye pikapu, nikawasha redio, kwanza mambo yakawa mabaya vile vile, halafu nikakumbuka kiatu. Nilipokivua tu, Dada Vashti, naapa, yule mtangazaji Clem akaanza kupiga kelele mpaka spika ikakwaruza, mrushaji wetu katupa mpira kutoka huku mpaka kule, mtu kaudaka, kakimbia, kavuka mstari. Tukarudisha yote, tukaongeza na yetu.

Tangu siku hiyo sijakanyaga uwanjani na Nyigu hawajafungwa. Mji mzima unajua. Jumamosi magari yakipita nyumbani kwangu kuelekea chuoni yanapiga honi, watu wanatoa vichwa madirishani wakiuliza, "Mzee Tarver, umeshavua?" nami nainua mguu juu wauone. Mchungaji wetu alisema madhabahuni kwamba wapo wanaotumika kwa kuimba na wapo wanaotumika kwa kukaa, na kanisa zima likanigeukia likasema amina. Sijawahi kuheshimiwa hivi, na nilistahili kuheshimiwa zamani.

Sasa ndiyo inakuja shida. Jumamosi hii ni mechi ya mwisho, tunacheza na Mamba wa Bayou Noir, wale watu wenye midomo, na atakayeshinda ndiye anachukua kombe la kanda. Na Jumamosi hiyo hiyo ni siku ya kuwaaga wachezaji wa mwaka wa mwisho, kila mmoja anatembea kutoka kwenye mlango wa wachezaji mpaka katikati ya uwanja akiwa ameshikana mikono na wazazi wake. Mjukuu wangu Lemarcus ni wa mwaka wa mwisho. Mama yake alipokwenda kutafuta kazi Memphis alituachia yeye akiwa bado anatambaa, hivyo wazazi wake ni mimi na Ozella.

Lemarcus si wa kukimbia na mpira. Ni mtu wa mstari wa mbele, mwili kama jokofu, kazi yake ni kusimama mbele ya mrushaji na kuhakikisha mtu hampiti. Nilimfundisha mimi, si makocha. Akiwa mdogo nilikuwa namsimamisha kwenye mlango wa zizi nafukuza ndama upande wake, namwambia, akipita huyu leo huli, na ndama hakupita, na hata angepita bibi yake angemlisha kwa siri. Lakini kazi ile haitajwi redioni. Clem anamtaja aliyerusha, anamtaja aliyedaka, mtu wangu aliyelala chini ya watu watatu ili hayo yatokee hatajwi.

Jumapili baada ya ibada alikuja kula, na baada ya sahani ya tatu akasema bila kuniangalia, "Babu, Jumamosi utakuja?"

"Mjukuu wangu, unajua kazi yangu iko wapi."

"Najua, Babu. Ila miaka minne redio haijanitaja hata siku moja. Jumamosi kipaza sauti kitataja jina langu. Halafu kitataja jina la mtu aliyenishika mkono. Basi."

Halafu akacheka akasema haidhuru, tushinde tu, akaomba mkate wa mahindi. Lakini nilimwona akiufumbata bila kuula, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kushika mkate kwa dakika nzima.

Ozella alingoja mpaka ameondoka. "Lucious, unataka kuniambia ule mguu wako wenye sugu ndio unaofunga?"

"Sisemi unafunga. Nasema matokeo unayaona."

"Basi kaa na matokeo. Mimi nitavaa nyeusi nitembee naye peke yangu kama mjane, na watu wakiuliza nitasema ulikufa Septemba ukiwa na kiatu kimoja."

Kwa upande wa pili Hosea alikuja juzi na mnyororo, mnyororo wa kweli wa kufungia mashua, akauzungusha kwenye mlango wa pikapu akisema anapima tu. "Ukitoka humu Jumamosi," alisema, "usinisalimie tena mpaka mazishi yangu, na hata hapo salimia jeneza kwa mbali." Wengine walitaka kuipakia pikapu kwenye trela waipeleke uwanjani nami nikiwa ndani, lakini nikawaambia haitafanya kazi, lazima iwe uani imeelekea kwenye banda la kuku.

Dada Vashti, nikienda na Nyigu wakafungwa, mji huu utaniita mkosi mpaka nife na Lemarcus atamaliza chuo bila kombe kwa sababu yangu. Nisipokwenda, mtoto anatembea na upande mmoja mtupu. Nifanye nini? Na nikienda, je, nikivua kiatu pale pale uwanjani itahesabika? Ozella anasema hatembei na mtu mwenye soksi iliyotoboka mbele ya uwanja mzima. Jibu haraka, na usinizungushe.

Lucious Tarver,
Mwenye mbavu bora kuliko zote kaunti hii


JIBU LA DADA VASHTI

Mzee Tarver,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yako na mara ya pili kwa sauti, kwa ajili ya mhariri aliyekuja kuuliza kwa nini nalia. Kisha nikavuta droo yangu ya barua za wasomaji nikuonyeshe kitu. Sikiliza.

Yupo mama mmoja wa karibu na reli ambaye kila Jumamosi anapika kunde kwenye sufuria ile ile ambayo hajaiosha tangu msimu uanze, na anaapa kwamba Nyigu wanashinda kwa sababu yake. Ameniandikia kuuliza kama ukoko ule una madhara. Yupo kinyozi anayesikiliza mechi ameelekea ukutani na kumwacha mteja nusu kichwa. Yupo mwalimu mstaafu anayewasha gari lake kila tunapopiga mpira teke na kulizima unapotua. Na yupo mtumishi mmoja wa kanisa, jina simtaji ila anamiliki mnyororo wa mashua, aliyeniandikia kwamba msimu mzima amevaa suruali moja ya ndani, kwamba hiyo ndiyo inayotupa ushindi, na kwamba pikapu ya rafiki yake ni pambo tu. Ndiyo, Mzee. Pambo. Yeye yuko uwanjani anashangilia, na wewe amekufungia uani.

Kwa hiyo punguza kifua. Nyigu wanashindishwa na nusu ya Tillery, na ukichukua mapumziko ya siku moja wenzako watabeba.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Umekaa na kiatu kimoja juma baada ya juma kwa sababu unampenda yule mtoto na hukujua njia nyingine ya kumsaidia ukiwa mbali. Wengi wanakaa kwenye magari yao kwa sababu mbaya zaidi. Lakini umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kitu ulichoipa timu ile, na hukukiona ulipokuwa unakiandika. Mrushaji wetu amesimama msimu mzima bila kuchafuka mgongo. Anayemlinda alifundishwa kwenye mlango wa zizi lako. Hiyo ndiyo kazi yako, Mzee, na uliimaliza zamani. Mguu wako hauhusiki, uuache upumzike.

Na mtu mzima mwenye mwili kama jokofu akikuuliza utakuja huku anaangalia sahani, hakuulizi kuhusu kombe. Ulimwambia kazi yako iko kwenye pikapu? Aibu! Ningekuwa Ozella ningekuwa nimeshashona hiyo nguo nyeusi.

Sasa fanya hivi. Jumamosi amka mapema uwashe moto. Peleka tanuri lako, kwa ile trela waliyotaka kupakia pikapu, nyuma ya uwanja wa mazoezi mahali ulipopangiwa, vyura wakiwepo wasalimie, mbavu hazijui tofauti ya nguzo na mtaro, na watu watazifuata popote zilipo kama ni nzuri ulivyosema. Yule kijana wa fulana ya machungwa mpe ya kwanza, hakuipanga yeye ile orodha ya wafadhili. Halafu vaa viatu vyote viwili, vipigwe rangi, na soksi nzima, na Ozella akukague kabla hujatoka nje. Mshike Lemarcus mkono wa kulia. Jina lake likitajwa, nyamaza, najua itakuwa vigumu, nyamaza alisikie lote. Likitajwa la kwako ruhusa kuinua kofia, mara moja. Baada ya hapo nenda kakae kwenye benchi lako karibu na Hosea mpaka filimbi ya mwisho, na akikwambia nenda nyumbani, muulize habari za suruali.

Nyigu wakifungwa, waambie watu waje ofisini kwangu wanizomee mimi. Nimezomewa na watu wakubwa zaidi.

Imebaki ile pikapu. Mimi siamini mambo haya hata kidogo, naandika hapa wote msome, ni upuuzi wa watu wazima. Lakini hii ni mechi ya kombe, na ni Mamba wa Bayou Noir, na uwanjani tiketi sikupata. Acha ufunguo juu ya tairi la mbele. Usiisogeze, ibaki imeelekea kwenye banda la kuku. Redio iache hapo hapo ilipo. Niachie na ubavu mmoja au miwili kwenye kiti.

Kiatu ni cha kushoto, sivyo? Nijibu kabla ya Ijumaa.

Vashti Broadnax