Mihula Miwili ya Nekesa

Jumamosi, 15 Januari

Sebule imejaa tangu asubuhi. Ndivyo Jumamosi zetu zilivyo tangu mke wangu awe mwakilishi wadi. Mama anayetafuta karo ya mtoto. Mzee anayefuatilia kitambulisho cha mwanawe. Vijana wa timu ya mpira. Nimechemsha chai, ikaisha, nikachemsha tena. Miaka yote niliyofanya kazi reli sikuwahi kupikia umati namna hii. Nekesa anamsikiliza kila mtu mpaka mwisho. Namtazama kutoka jikoni, najisikia fahari.

Walipoondoka akaniambia hatagombea tena. Aliahidi mihula miwili na wa pili unaisha Agosti. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 16 Januari

Nimeenda kanisani lakini mahubiri sikuyasikia. Sheria inambana rais, inambana gavana. Mwakilishi wadi hajawekewa mpaka, akipendwa anaweza kuzeekea kitini. Ahadi yenyewe aliitoa kwenye kampeni ya kwanza, amesimama juu ya meza ya kuazima, spika inakwaruza. Nani anaikumbuka? Yeye peke yake.

Nina hasira. Asiyeiba ndiye anayejiondoa.

Jumatano, 9 Februari

Halima amekuja. Ana duka la jumla la unga na mchele hapa Mowlem, na ndiye aliyeongoza kampeni zetu zote mbili. Hata kukaa hakukaa.

"Dada, ukitoka anarudi yule."

Yule ni diwani wa zamani tuliyemshinda. Alikaa kitini mpaka kiwanja cha watoto kikageuka ghorofa lake.

Nekesa akamjibu polepole, "Yule naye alianza kama mimi. Uliza wazee. Muhula wa kwanza alitembea kwa miguu, akila githeri na watu."

Halima akaondoka bila kuaga. Nilikuwa upande wake.

Jumamosi, 5 Machi

Leo mbuzi amefungwa langoni. Beberu mnono kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Kaletwa na vijana wa Mutua, kontrakta anayejenga mitaro ya wadi. Salamu tu kwa mama, walisema. Hakuna alichoomba.

Nilikuwa nimeshanoa kisu.

Nekesa alirudi kutoka mazishini, akamwona, akauliza wametoka wapi waliomleta. Kisha akashika kamba. Akamvuta yule beberu katikati ya mtaa, na kitenge chake cha mazishi, watu wanachungulia madirishani, mpaka yadi ya Mutua. Mheshimiwa mzima. Beberu anagoma, yeye anavuta. Nilifuata nyuma kwa aibu. Tulipofika aibu ilikuwa imeisha. Sijawahi kumpenda hivyo.

Njiani kurudi akasema, "Baba Nafula, muhula wa kwanza Mutua aliniogopa. Wa pili akajua sinywi soda, akaniwekea chai bila sukari. Sasa amejua wewe unapenda supu ya mbuzi. Nikikaa wa tatu atajua nini?"

Mimi si mwizi. Lakini kisu nilinoa.

Jumapili, 3 Aprili

Nekesa ametangaza kwamba hagombei. Ukumbi ulijaa hadi nje. Vijana wakapiga kelele, "Mathe, usituache!" Kina mama wengine walilia. Mwalimu mmoja akasimama, akasema mwenye muda mfupi ataiba kwa haraka zaidi.

"Ni kweli, mwalimu," Nekesa alisema. "Mwizi ataiba hata akipewa wiki moja. Huyo kazi yenu ni kumnyima kura na kumpeleka kortini. Mimi nasema juu ya yule anayeingia akiwa mzuri. Mkimwacha sana hapo juu, watu wabaya wanapata muda wa kumsoma."

Wengine walipiga makofi. Mmoja nyuma akapaza sauti kwamba Nekesa amelipwa aondoke. Neno hilo likasambaa mara moja. Tukitoka mtu alitema mate karibu na kiatu cha Nekesa. Miaka yote hii ya kuwahangaikia. Nilitaka kupigana. Akanishika mkono tukaenda.

Jumatatu, 4 Aprili

Hajala. Amelala akitazama ukuta. Naogopa tumekosea.

Jioni Halima amekuja. Safari hii alikaa. Alikuwa amekasirishwa na yale matusi ya jana kuliko sisi wenyewe. Akasema atasimama yeye, na atasema hadharani mihula miwili, na akisahau tumkumbushe kwa kelele.

"Shemeji, wewe ni shahidi," akaniambia.

Nekesa akaamka akaomba ugali.

Jumanne, 9 Agosti

Tumepiga kura. Foleni ndefu, baridi. Diwani wa zamani amekuja na magari matatu na tabasamu. Watu wanamkimbilia.

Alhamisi, 11 Agosti

Halima ameshinda. Kwa kura chache mno. Sauti imenikauka. Nekesa alipiga magoti tu pale jikoni.

Jumanne, 15 Novemba

Taa ya barabarani karibu na kwetu imeungua. Nekesa alienda ofisi ya Halima kuripoti. Alidhani ataingia moja kwa moja. Halima akachungulia mlangoni, akamwambia, "Dada, kuna watu mbele yako." Akakalishwa kwenye benchi pamoja na wengine, akangoja, ofisi ikafungwa zamu yake haijafika.

Mimi nimekasirika. Nimemwambia ni utovu wa adabu, baada ya yote.

Nekesa anavua viatu, anacheka mpaka machozi. Anasema hajafurahi hivyo tangu mwaka uanze.

Taa bado haijawaka. Kesho atawahi mapema.