Hodi ya Majidi

Tabora, 14 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Leipzig, na lile goti limetulia. Mimi sijambo. Mama ni mzima wa masikio na ulimi. Macho yamekwisha kabisa tangu Ramadhani. Nakuandikia kwa barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu hiyo hiyo: nyumba hii haina neno la simu ambalo yeye halisikii.

Ukuta wa nyuma umepasuka. Fundi aliingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko, akautoa, akasema nyumba haitavuka mvua za mwaka huu. Nimechukua likizo nije nimpeleke Mama kwangu Dodoma. Amekataa, na unajua kwa nini. Tangu kaka Majidi apande treni mwaka 1998, aseme atabadilisha treni Kaliua aende Mpanda kutafuta kazi machimboni na kurudi kabla ya Idi, mlango wa mbele haujatiwa komeo hata usiku mmoja. Hodi ya mtu yeyote, hata muuza mkaa, Mama ndiye wa kwanza kuinuka. Hitima hajaruhusu isomwe. "Husomewa aliyekufa," anasema. "Wangu amechelewa."

Tumebishana mpaka nikalia. Mwishowe akasema, "Iwashe mashine ya kaka yako. Nisikie mchezo wake kama nilivyokuwa nikiusikia zamani, ndipo nitajua la kufanya."

Nikamwambia, "Mama, ile ni chuma chakavu."

"Na mimi je?"

Mashine ni ile kompyuta uliyomtumia wewe. Nimeipangusa, na fundi redio ameitoa betri iliyovuja maji ya kijani. Inawaka, lakini inadai leo ni tarehe mosi Januari 1980. Ule mchezo wa ngome yenye milango mingi bado umo. Nikiuanzisha unaniambia kumbukumbu haitoshi, kisha kioo kinarudi cheusi. Wewe umefanya kazi ya mitambo ya simu maisha yako yote. Nisaidie kabla mvua hazijafika.

Mpwa wako,
Najiat


Leipzig, 16 Septemba 2024

Mpwa wangu Najiat,

Marahaba, mwanangu. Goti liko palepale, linatabiri baridi kuliko redio. Mpe dada Swaumu salamu zangu, na usimwambie kwamba nimeuliza habari za ukuta. Atadhani tunamfanyia njama, na itakuwa kweli.

Tarehe iache ilivyo. Mashine isiyo na betri huzaliwa upya kila inapowashwa, wala haiumwi.

Kuhusu kumbukumbu: mashine za zama zile zilijengwa kama nyumba yenye sebule ndogo na vyumba vikubwa vya nyuma. Kila programu ilitaka kuketi sebuleni. Mchezo wenu nao unataka sebule karibu nzima, na sasa kuna watu wamekwishakaa. Majidi alikuwa akiiwasha kwa disketi yake maalumu iliyowapeleka nyuma. Bila shaka disketi hiyo imeliwa na ukungu. Basi fungua faili la CONFIG.SYS, na juu kabisa andika mistari hii:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Ukiona mstari wa kisomaji cha CD, ufute. Majidi hakuwahi kuwa na kifaa hicho. Alikuwa akijiandaa kukipata. Kisha zima, hesabu kumi, washa.

Na jambo moja kabla hujafika kwenye sauti. Mwaka 1997 Majidi aliniandikia kwamba mlio wa milango ya mchezo ule, mkwaruzo wa bawaba, ulimchosha. Akachukua kipaza sauti, akarekodi sauti yake mwenyewe akaiweka mahali pake. "Mjomba," aliandika, "mtu wa Tabora hafungui mlango wa watu bila hodi, hata ukiwa mlango wa zimwi." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nakuonya usije ukashtuka. Sijui kama dada anakumbuka.

Mjomba wako,
Nassibu


Tabora, 21 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila nyumba haina amani.

Mistari yako ilifanya kazi. Wageni wakahamia nyuma, mchezo ukafunguka, na mahali alipohifadhi safari yake pana jina moja tu, MAJIDI. Nikaliita. Mtu wake amesimama mbele ya mlango mkubwa wa mbao, ukutani pana mwenge. Hana ufunguo. Nilitafuta kwenye mkoba wake, kuna mkate na kamba. Ndivyo alivyomwacha akaenda kupanda treni.

Mama alikuwa uani anachambua maharage kwa vidole. Nikabonyeza mlango, nikijua kilichomo, na bado nikashtuka. Haikutoka hodi. Ilitoka "ho-ho-ho-ho-ho", bila kukoma, kama mtu aliyekabwa.

"Karibu!" Mama akaitika kule uani. "Karibu, baba! Mbona una kigugumizi? Ingia, ingia!"

Nikasikia ungo umeanguka. Akaja akipapasa ukuta, na ile sauti inamwita mfululizo, nami nikibonyeza kila kitu haikomi. Nikachomoa waya. Mama akasimama kizingitini mikono ameinyoosha mbele.

"Yuko wapi?"

"Ni mashine, Mama."

"Alikuwa hapa sasa hivi. Umemfukuza."

Maharage bado yako uani. Hataki niyaokote. Sitaki kuiwasha tena, Mjomba, hata ukuta ukituangukia.

Mpwa wako,
Najiat


Leipzig, 22 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Usijilaumu. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikasahau kuketi.

Nitakueleza ugonjwa, kwa sababu ni ugonjwa tu, si kitu kingine. Kadi ya sauti hupewa kipande kidogo cha sauti. Ikikimaliza, huubishia hodi moyo wa mashine kwenye njia yenye namba, ikisema: nipe kinachofuata. Mchezo unasikiliza kwenye njia ya tano. Kadi inabisha kwenye njia nyingine. Hakuna anayeisikia, basi inarudia kipande kilekile milele. Fungua sanduku. Kwenye kadi kuna kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kimevikwa juu ya vijiti viwili. Soma namba iliyo pembeni yake. Nilipoituma ilikuwa tano. Nadhani Majidi aliihamisha mwishoni, akikiandalia nafasi kile kisomaji cha CD. Ukikuta saba, irudishe tano.

Lakini ukiamua kutoifungua, sitakushurutisha. Nyanya yetu, mama yake mama, alikuwa akisema mji wetu umejaa watu waliokwenda Ujiji na misafara, mizigo begani, na majumbani kwao hakuna aliyethubutu kuwasomea hitima, kwa sababu labda wako njiani. "Ndiyo maana njia ile haina utulivu," alisema. "Wanaongojwa hawawezi kulala." Nilikuwa kijana wa sayansi, nikamcheka. Siku hizi simcheki.

Niandikie japo neno moja.

Mjomba wako,
Nassibu


Leipzig, 9 Oktoba 2024

Najiat mwanangu,

Salamu nyingi. Sijapata jibu lako, na simu ya dada inaita bila kupokelewa. Natazama hali ya hewa ya Tabora kila asubuhi kana kwamba kuitazama kutazuia mawingu.

Acha nikusimulie kichekesho. Jana alasiri nilikuwa namenya viazi nikasikia hodi mlangoni. Nimeishi hapa tangu 1976. Watu wa hapa hubonyeza kengele. Nikaenda na kisu mkononi, nikafungua, nikasema "Karibu" kwa Kiswahili kwenye ngazi tupu. Jirani yangu mzee alikuwa anapanda na mifuko yake, akadhani namwalika. Akaingia, nikamchemshia chai. Alikaa mpaka jioni. Mkewe alifariki Agosti, nami sikujua.

Kisha nikaona sijamaliza kumenya viazi. Tafadhali, niambieni ukuta umesimama.

Mjomba wako,
Nassibu


Tabora, 27 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na utusamehe. Ukuta umesimama, kwa taabu. Mvua imekwishanyesha Bukene. Huku tunanusa harufu yake tu. Mama alininyima maneno. Alikuwa akila, akiswali, akilala, na simu akaikalia. Juzi akaniuliza ghafla, "Huyo mjomba wako anasemaje?"

Nikamsomea barua zako zote, hata ya viazi. Nilipofika kwenye maneno ya nyanya yenu akatikisa kichwa muda mrefu.

"Basi kitoe hicho kikofia huko kwenye saba," akasema.

Kilikuwa saba kweli. Nilikihamisha kwa kibanio cha nyusi. Mama akaoga, akavaa kanga mpya, akaniambia nimkalishe kwenye kitanda cha Majidi. Nikamshika mkono. "Mama, nisikilize. Ni sauti ya mwaka tisini na saba. Hakuna mtu mlangoni."

"Unanifundisha? Aliporekodi nilikuwa jikoni. Mara ya kwanza nikaitikia karibu, nikamharibia. Akaja kunigombeza huku anacheka, akarekodi upya. Bonyeza."

Nikabonyeza.

"Hodi."

Ni sauti yako, Mjomba. Watu walikuwa wakisema Majidi amechukua sauti ya ujombani, mimi nilikuwa mdogo sikuwa nikijali. Ilikuwa safi, ya kijana aliyetoka kula vizuri. Mama akashika pindo la kanga akajiziba mdomo.

Mlango wa mchezo haukufunguka. Ufunguo hana.

"Tena," akasema ndani ya kanga.

"Hodi."

Neno "karibu" lilikuwa limemfika Mama mpaka kwenye meno. Hakulitoa.

"Tena."

"Hodi."

Safari hii mimi ndiye niliyetaka kuitikia. Aliujua mdomo wangu bila macho. Akaufunika kwa kiganja. Tukakaa hivyo. Feni ya mashine ikawa inavuma, mtu wa Majidi amesimama na mkate wake mbele ya mlango.

"Mara tatu," Mama akasema. "Nilimfundisha hivyo akiwa na miaka minne. Piga mara tatu. Wasipoitika, urudi ulikotoka, usikasirike. Zima, mwanangu. Mwache aende. Kamwambie Maalim Adinani hitima ni Ijumaa."

Jioni alinituma nitie komeo. Lilikuwa limeshika kutu, tukalipaka mafuta ya alizeti, ndipo likasogea. Kelele yake, Mjomba! Majirani walitoka nje kuuliza.

Tunahama tarehe kumi na sita Novemba. Ameniagiza nikuandikie maneno haya kama yalivyo, nami nayaandika: "Mwambie Nassibu, yule mmoja nimemwachia. Huyu wa pili, yeye mwenyewe, simwachii. Alikuja mara moja kumzika baba, akaondoka kabla udongo haujakauka. Nyumba ya mama yetu ina mlango mpaka hiyo tarehe kumi na sita."

Mpwa wako,
Najiat


Dodoma, 10 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Salaam. Naandika kwa simu, nimekaa juu ya sanduku langu stesheni, kwa hiyo uniwie radhi kwa herufi. Ni mzima, goti limevimba kama andazi. Jana nilishuka kwenye treni mpya kutoka Dar es Salaam, leo nangoja ile ya zamani, ambayo nimefurahi kukuta bado inachelewa. Mama mmoja wa Nzega aliyekaa karibu nami ameniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia Tabora. Akasema, "Mbona unalitamka kama mgeni?"

Usimwambie dada. Namjua; atapika, ataanguka jikoni.

Kuna jambo moja linalonitia hofu, na wewe ndiye uliyeliandika. Kama sauti ni moja, atakaponisikia mlangoni anaweza kudhani umeiwasha tena mashine, au kwamba aliyemwachia hakukubali kuondoka. Anaweza kushika pindo la kanga. Sitamlaumu. Na sitasema jina langu kwanza. Kwetu mtu hutanguliza hodi, jina huulizwa baadaye, na sitaki kuingia nyumba ya mama yangu kwa namna ya Leipzig.

Nitapiga ya kwanza. Nitangoja. Nitapiga ya pili, nitangoja zaidi. Ya tatu sitaiharakisha, nawe usimharakishe, wala usimshike mkono.

Lakini nikiipiga ya tatu na yeye akanyamaza, Najiat, tafadhali, itika wewe.

Mjomba wako,
Nassibu