Mabuti ya Mume Asiyekuwepo

Mshauri mpendwa Bi Lorna wa redio,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya karavani yangu hapa Streaky Bay, kila kitu nimeshafunga tayari kuondoka ila sijui nielekeze gari wapi, mashariki nyumbani kwa baba au magharibi kwa mtu niliyemtenda vibaya, na naomba unisaidie kabla sijachagua njia rahisi, kwa sababu najijua, nitachagua iliyo rahisi kisha nitaipa jina zuri. Majina yote humu nimeyabadili, hata langu.

Nina miaka ishirini na tisa, nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu Adelaide, na mwaka huu nimenunua karavani yangu ya kwanza, kijumba kidogo cha mitumba cha kuvutwa na gari, kinachomtosha mtu mmoja akijipanga vizuri, ili nivuke nchi peke yangu mpaka Esperance, kule magharibi. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mitihani, nikasoma kuhusu uzito wa mbele na wa nyuma, upepo wa matairi, minyororo ya usalama inavyopishana chini ya ndoano, na jinsi karavani inavyoanza kuyumba ukipakia vitu vizito mkiani. Baba, ambaye ameendesha malori maisha yake yote, alitaka twende uwanja wa mpira Jumapili anifundishe kurudi nyuma.

Nikamwambia, “Baba, nimeangalia video.”

“Sawa, profesa,” akasema, akaingia gereji akatoka na mabuti yake ya zamani ya kazini, makubwa, yamepauka puani. “Haya uyaweke nje ya mlango kila unapolala. Na viti viwili, usithubutu kuweka kimoja. Mtu mbaya akipita aone kuna dume ndani.”

Nilicheka, lakini niliyabeba.

Wewe unajua, Bi Lorna, kwamba sinema ya jioni kwenye kambi zetu za karavani ni kumtazama mgeni akirudi nyuma kuingia kwenye nafasi yake. Nilipofika hapa wazee walikuwa wameshakaa na bia zao. Nilijaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nilipokata usukani karavani ilikwenda kinyume, kama mtoto aliyekasirika.

“Binti, nafasi iko upande huu, huko ni baharini,” mmoja akasema.

“Mwache,” mwenzake akajibu. “Labda ni mashua.”

Ndipo mama mmoja akatoka karavani ya jirani, mwenye miaka kama sitini na mitano hivi, kofia ya majani kichwani na taulo la vyombo begani. “Nyamazeni nyie,” akawaambia. “Mlizaliwa mnajua?” Kisha akaja dirishani kwangu. “Teremsha kioo, mwanangu. Usitazame nyuma, usitazame vioo vya pembeni. Nisikilize mimi.” Nikamsikiliza, na karavani ikaingia kama imevutwa kwa kamba. Ndivyo nilivyomjua Bi Glenys.

“Mumeo yuko wapi asikuongoze?” akaniuliza tulipokuwa tukishusha miguu ya karavani.

“Anafuata,” nikasema. “Yuko mgodini, zamu ya usiku. Anaitwa Craig.”

Baba alikuwa amenionya, na wale wazee walikuwa wanasikia, huo ndio utetezi wangu, lakini si ukweli wote. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilitoka nyumbani nikitaka kuwa mtu asiyehitaji mtu, na nilikuwa nimeshindwa mbele ya watu, na ilikuwa nafuu kwangu kuonekana mke aliyecheleweshewa mume kuliko mwanamke aliyekuja peke yake asiweze.

Asubuhi niliweka mabuti mlangoni na viti viwili, nikamwambia Bi Glenys kwamba Craig ameingia usiku na amelala. “Mwache apumzike,” akasema. “Zamu zinaua. Ron wangu naye mgongo umemkamata, hatoki kitandani.” Nje ya mlango wao kulikuwa na mabuti pia, na viti viwili, na nyuma ya karavani yao pamechorwa kwa rangi ya bluu majina na chaneli yao ya redio, kama wanavyofanya wasafiri wa siku nyingi: Ron na Glenys, chaneli 18. Sikuona ajabu yoyote.

Tukawa tunakaa alasiri chini ya turubai lake la kivuli, akinifundisha jinsi ya kubana maji ya kuogea, jinsi ya kujua gesi imebaki kiasi gani kwa kumwagia mtungi maji ya moto na kupapasa, na kila siku aliniletea keki ya limau, vipande viwili kwenye sahani moja, changu na cha Craig, nami nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikavila vyote viwili nimesimama, kisha nikarudisha sahani na kusema Craig anashukuru. Nilipopata samaki pale gatini nilimpelekea wawili. “Ron amekula mpaka mifupa,” akaniambia. Hakuwahi kuniuliza Craig alikuja na gari gani, nami nikajisifu moyoni kwamba uongo wangu nimeupanga vizuri.

Kisha siku moja upepo ulikuja kutoka kusini ukang’oa turubai lake. Nilikimbia nikamkuta ameng’ang’ania nguzo, akanipigia kelele niingie ndani nikachukue kamba, iko chini ya kitanda. Niligonga nikasema, “Samahani, Ron,” ndipo nikafungua. Kitandani palikuwa na mto mmoja wa kulalia. Upande wa pili ulikuwa umejaa makopo ya maharage na madumu ya maji, yamepangwa kwa unadhifu wa mtu ambaye hana haja ya kuyaondoa ikifika usiku. Nilichukua kamba. Tukafunga turubai. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Jioni ile alinimiminia chai. “Sisi tunaingia uwanda wa Nullarbor kesho kutwa,” akasema, akikoroga kikombe chake ambacho hakina sukari. “Mnaonaje tukifuatana? Barabara ndefu ile. Ron angepata mtu wa kupiga naye soga redioni.”

Nilijua anachoomba. Nilikuwa nimeona ule mto saa chache tu kabla. Nikamjibu, “Craig hapendi misafara, Bi Glenys. Anapenda kwenda peke yake.”

Akacheka kidogo. “Wanaume,” akasema. “Haya, mwanangu.”

Nilimtumia mwanamume asiyekuwepo kumkataa mwanamke aliyekuwepo. Kama ningesema ndiyo, Craig angelazimika kushuka garini kwenye kituo cha kwanza cha mafuta, hilo ni moja, lakini chini yake kuna jingine baya zaidi, kwamba nilikuwa nimewatangazia kazini na nyumbani kuwa navuka peke yangu, na nilitaka kuvuka peke yangu ili niweze kusema nimevuka peke yangu.

Siku aliyoondoka nilisimama nyuma ya karavani yake nikamwashiria mpaka akatoka langoni. Sauti yake ikaja kwenye redio ya gari langu: “Asante, Briony. Msalimie Craig.” Nikabonyeza kitufe nikasema, “Msalimie Ron.” Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Tangu siku hiyo nimebaki hapa. Kila asubuhi nina sababu, upepo, mvua, tairi. Jana wakafika mume na mke kutoka Perth wakaegesha pale alipokuwa yeye, wakaanza kutusimulia ya njiani.

“Kuna mama mmoja amekwama kituo cha mafuta, upande huu kabla ya mpaka wa jimbo,” mume akasema. “Gari lake zima kabisa. Yeye ndiye asiyetaka kuliwasha. Haendi mbele, harudi nyuma. Anasema mumewe anaumwa, ila huyo mume hakuna aliyemwona.”

“Hebu koma,” mkewe akamkata. “Anasema anawangoja rafiki zake, wako nyuma wanakuja. Briony na Craig. Huwajui, mpenzi? Anasema aliwaacha hapa.”

Nikasema siwajui.

Bi Lorna, nikienda nikasema Craig hayupo, nitakuwa nimemvua na Ron wake, maana ukweli wangu hauwezi kusimama karibu na wake bila kuusukuma. Nikienda na kuendelea na Craig, tutavuka nchi nzima watu wawili tukisalimiana kwa niaba ya watu wawili wasiokuwepo. Na nikigeuza mashariki, tangazo la kuuza karavani nimeshaliandika, bado kulituma tu. Nifanye nini?

Mwenye mabuti, Streaky Bay


Lorna anajibu:

Briony, nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyojiita. Barua yako imewaruka wengine wote kwenye foleni, kwa sababu wao wanaweza kungoja hadi wiki ijayo, na mama aliyekaa kituo cha mafuta hawezi.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Mabuti si dhambi. Mwanamke anayelala peke yake kando ya barabara ana haki ya kuwa na mume wa mabuti, hata wawili akitaka. Hiyo ni kufuli, na baba yako ana akili. Kosa lako ni kwamba mtu alikuja na keki nawe ukamfungia kufuli lile lile la mwizi. Kisha ulipokwisha kujua anaogopa, ukageuza kufuli kuwa rungu. Hapo sina la kukutetea, wala wewe hukujitetea, na hilo nimelipenda.

Pili, umesoma sana, dada, lakini yaliyokuwa mbele ya macho yako hukuyasoma. Mama aliyezeeka barabarani, anayejua mtungi wa gesi kwa kupapasa, anaamka anakuta jirani amepata mume usiku na hakuna gari lililomleta, halafu haulizi. Unadhani alisahau? Na mtu anayeficha kitanda chake hamtumi jirani akachukue kamba chini ya kitanda hicho. Siwezi kuapa, sikuwepo. Lakini mimi naamini alikujua tangu jioni ya kwanza, na vipande vyote viwili vya keki alikukatia wewe, kwa kuwa umekonda au kwa kuwa una huzuni, mwenyewe utajua. Alikufungulia mlango wake uone. Ukaona, ukanyamaza. Na hata sasa, mbele ya wageni, anasema Briony na Craig. Anakulindia uongo wako mpaka leo, wakati wewe umemkana mbele ya watu wasiokujua hata jina.

Lifute hilo tangazo.

Nenda magharibi. Ondoka kukipambazuka, si jioni, maana kangaruu hawajui kwamba una majuto, watakurukia tu. Jaza dizeli Ceduna hata kama geji inasema bado, kwa kuwa upepo wa huko utakupinga usoni njia nzima. Kaza nati za magurudumu, gari limekaa muda. Maji ya kunywa beba kuliko unavyodhani unahitaji. Matunda na asali vimalize kabla ya mpaka, la sivyo wakaguzi watavichukua. Na kabla hujawasha gari mpigie baba yako umwambie, “Baba, sijui kurudi nyuma.” Atafurahi, kwa namna ambayo itakuuma kidogo. Ivumilie.

Ukifika, sema lako tu. “Bi Glenys, Craig hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nilijionea haya, na nilikukataa vibaya. Nisamehe.” Kisha funga mdomo. Ron usimtaje. Ule mto hukuuona. Mimi sijui kama amekufa au amemwacha, na wewe hujui, na si wako kumzika. Unasema ukweli wako utausukuma wake. Hautausukuma kama hutaegemea. Akitaka kukusimulia habari zake atachagua mahali mwenyewe, pengine kwenye redio, ambako hamtazamani usoni. Asipotaka, mtavuka mkiwa watatu, na Ron atakuwa msafiri asiyemsumbua mtu.

Huenda akakasirika. Ana haki. Akikwambia uondoke, sogea nafasi mbili uchemshe chai, ubaki hapo mpaka yeye awe tayari kuwasha gari, hata kama ni kurudi alikotoka. Mkiondoka, mwache atangulie, umfuate, redio iwe wazi chaneli yake. Safari ya peke yako utaifanya siku nyingine. Barabara haihami.

Mabuti endelea kuyaweka nje usiku, ni mazuri dhidi ya wapita njia. Ila yeye akija na sahani, yasukume kando kwa mguu apate pa kupita.

Matangazo ya redio yetu hayafiki kule kwenye uwanda, kwa hiyo Bi Glenys hatayasikia haya kutoka kwangu.

Na jambo la mwisho. Nafasi za vituo vile ni finyu, nazijua. Itakulazimu kurudi nyuma ili uingie karibu naye, na watu watakuwa wanatazama, na bia zao mkononi. Usijaribu kuwaonyesha kwamba unaweza. Simama. Teremsha kioo, umwite kwa jina. Kisha usitazame nyuma, usitazame vioo vya pembeni. Msikilize yeye.

Lorna