Mtutu wa Shemeji Lutonja

Jumatatu, 6 Julai 1936

Nimefungua karakana saa moja. Nimepaka mafuta jiliwa la kubania chuma, nimefagia vumbi la chuma. Wadudu wa ziwani wameingia tena kama moshi, wamenata kwenye kila chenye mafuta. Mzee mmoja kutoka Kamanga amekuja kuchukua gobore lake.

Saa nne akaja Bwana Merrick wa wanyamapori, pamoja na shemeji Lutonja, mume wa dada yangu Kabula. Shemeji ni askari wake wa kuwinda wanyama waharibifu. Bwana anataka tumtengenezee shemeji bunduki nyepesi, isizidi ratili saba. Bega la kushoto la shemeji halikupona vizuri tangu alipokanyagwa na nyati. Bunduki aliyonayo ina ratili tisa na zaidi. Leo aliinyanyua mbele yetu na mkono ukatetemeka. Akacheka. Mimi sikuweza.

Mtambo wa kufyatulia upo, wa bunduki ya zamani ya Kijerumani, mzima kabisa. Kitako nitachonga mwenyewe. Bado mtutu. Bwana Merrick amesema, "Chagua wewe, fundi." Anaitaka kabla ya Jumatano ijayo.

Simba yuko Igoma, kijijini kwa dada na shemeji. Ameshaua ng'ombe wanne. Ndiyo sababu ya haraka hii.

Jumanne, 7 Julai

Mitutu iliyopo ni miwili tu.

Wa kwanza mpya, umetoka Ulaya. Mfupi, mwembamba, unang'aa. Ukiushika unashangaa wepesi wake. Lakini chuma chembamba hupata moto upesi, na mtutu ukipata moto risasi huanza kutangatanga.

Wa pili ni wa askari wa Kijerumani. Mnene, mrefu, mzito. Kwa ndani ni safi kama kioo, mistari yake ya kuzungusha risasi ni mikali. Hauwezi kumsaliti mtu. Ila ukiufunga, tutarudi kwenye ratili zile zile tisa.

Mzee Hasham, mwenye karakana, anataka mwembamba. Anasema tusifikiri sana. Nimefikiri siku nzima.

Alhamisi, 9 Julai

Simba ameua mtu. Mwanamke aliyekwenda kuchota maji, jua likiwaka. Ndoo wameiona kwanza.

Sokoni leo watu wananong'ona. Waliotoka Igoma wamekuja kwa kundi, wameondoka mapema.

Nimeelekeza mtutu mwembamba dirishani, nikachungulia. Shubiri moja kutoka mdomoni nimeona kivuli cha mviringo, kama pete. Nimesafisha mara tatu. Pete ipo pale pale. Mzee Hasham amechungulia, amesema ni uchafu. Macho yake yamezeeka. Lakini ndiye mkubwa wangu wa kazi.

Sina amani.

Ijumaa, 10 Julai

Nimefanya jaribio bila kuomba ruhusa. Nimetia kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu mwembamba, nikakisukuma polepole kwa fimbo ya chuma. Kilikwenda kwa kukaza, kwa kukaza, kisha kwenye ile pete kikalegea ghafla. Halafu kikakaza tena. Maana yake mtutu umevimba hapo. Kuna aliyewahi kuupiga ukiwa umeziba, kisha ukauzwa kama mpya.

Nikamwita Mzee Hasham. Nikamwambia, "Shika fimbo mwenyewe, Mzee. Sikiliza kwa mkono."

Alisukuma. Alipofika kwenye pete alisimama. Akasukuma tena. Akachomoa fimbo, akasema, "Ungempasukia usoni."

Ameukata vipande viwili kwa msumeno, yeye mwenyewe. Ilimuuma, nimeona. Nimemheshimu leo kuliko miaka yote sita niliyokaa naye.

Jumamosi, 11 Julai

Hakuna mtutu mwingine. Kuagiza kutoka Dar es Salaam ni wiki tatu. Kwa hiyo nitaukereza ule mnene mpaka upungue, na kuukata urefu. Nimewahi kufanya hivyo mara moja tu, na ulipinda.

Hilo ndilo naogopa. Chuma ukikivua nyama upesi kinajikunja. Mtutu ukipinda unene wa unywele, simba anapona na mtu anakufa.

Nitaanza Jumatatu asubuhi. Siku mbili zatosha.

Jumapili, 12 Julai

Dada Kabula amekuja kutoka Igoma kwa miguu, na wanawake wengine watano na wanaume wenye mikuki. Nilidhani amekuja kanisani. Alikuja kwangu.

Hakukaa. Alisema, "Masanja, mimi nalala na yule mtu. Najua bega lile. Bunduki isipokwisha, Bwana Merrick atatafuta mwindaji mwingine."

Nikamwambia nimepewa kazi.

"Ndiyo. Na kazi huchelewa."

Ameniachia karanga kwenye kitambaa. Alinibeba mgongoni mama alipofariki. Hajawahi kuniomba kitu.

Jumatatu, 13 Julai

Nimemwambia Mzee Hasham kwamba kisu cha mashine ya kukereza kimekatika. Ni uongo. Nimekificha kwenye sanduku langu la tupa. Nimeshinda nikipiga msasa kitako ambacho kilikuwa laini tangu juzi.

Najiona mwizi.

Jumanne, 14 Julai

Uongo ule ule. Mzee amesema ataulizia kisu kingine kwa mafundi wa reli. Nimekubali kwa kichwa.

Kitako kinang'aa sana.

Alhamisi, 16 Julai

Jana jioni simba alimrukia mchunga ng'ombe mmoja, Shija, mtu mzima mwenye watoto. Wenzake walimfukuza simba kwa moto na kelele. Shija yu hai. Mkono wa kulia umetafunwa mpaka juu ya kiwiko. Wamempeleka hospitali kwa machela.

Nimehesabu, nimehesabu tena. Kama ningefanya kazi Jumatatu na Jumanne, jana asubuhi bunduki ingekuwa mikononi mwa shemeji.

Saa tatu shemeji mwenyewe akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo, shemeji." Akaitika, "Marahaba," akaona mtutu haujaguswa. Alisema, "Keshokutwa naingia porini. Kama hii haijawa tayari, nakwenda na ile nzito."

Basi. Nilidhani namzuia asiende. Kumbe nilikuwa namwandalia kifo.

Alipotoka nikakitoa kisu kwenye sanduku. Mzee Hasham alikiona. Alinitazama, akatazama kisu, akarudi kwenye kiti chake. Nimekanyaga pedali ya mashine hadi jua kuzama. Navua kidogo, nasubiri chuma kipoe, navua tena. Miguu inawaka.

Ijumaa, 17 Julai

Mtutu umefika wembamba ninaoutaka. Nimeukata. Nimechungulia kwenye mwanga wa dirisha.

Umepinda.

Nilitoka nje kutafuta vipande vya mbao. Nikarudi. Nimeufunga kwenye jiliwa katikati ya mbao hizo, nikaubana kwa kuzungusha mpini robo, nikalegeza, nikachungulia. Robo nyingine. Mara thelathini labda. Mzee Hasham alisimama nyuma yangu. Saa tisa mstari wa kivuli ndani ya mtutu ulinyooka toka mwanzo hadi mwisho. Sikuamini. Nikamwomba Mzee aangalie, nikakumbuka macho yake. Akasema, "Naamini yako."

Nimeufunga kwenye mtambo. Mzani unasema ratili sita na robo tatu.

Jumamosi, 18 Julai

Asubuhi tulikwenda bondeni nyuma ya mawe makubwa kujaribu, mimi na shemeji. Risasi mbili za kwanza nilifunga bunduki kwenye kisiki, nikavuta kamba toka nyuma ya jiwe. Mtutu mzima. Halafu shemeji akapiga kwa bega lake, hatua themanini. Matundu ya risasi tatu za kwanza yanafunikwa na kiganja. Ya nne ikaenda kushoto, shubiri nzima. Ya tano mbali zaidi.

Ndivyo nilivyohofia. Umekuwa mwembamba, unapata moto.

Nikamwambia, "Shemeji, una risasi tatu. Baada ya hapo usiiamini mpaka ipoe."

Alinyanyua bunduki, mkono wa kushoto ukiwa chini ya mtutu, akaishusha, akainyanyua tena. Mkono haukutetemeka. Akasema tatu zamtosha. Aliondoka saa nne, kuelekea Igoma.

Nilitaka kumwambia habari za kisu. Sikumwambia.

Jumapili, 19 Julai

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nahesabu risasi za shemeji. Moja, mbili, tatu. Ya nne kushoto.

Saa nane watu wakaja barabarani wakiimba. Simba amekufa.

Shemeji alikuwa nyuma yao, amechoka, suruali imechanika. Alinieleza tukiwa wawili. Hakukuwa na hatua themanini. Simba alitoka kichakani hatua saba tu, upande wa kushoto. Shemeji alikuwa na nafasi ya kugeuka na kunyanyua bunduki, basi. Risasi moja. Simba aliangukia miguuni pa shemeji. "Na ile nzito," alisema, "ningekuwa bado nanyanyua."

Siku kumi na tatu nimekosa usingizi kwa sababu ya shabaha. Kwa hatua saba, hata mtutu uliopinda ungempata.

Dada Kabula alinishika mikono yote miwili, akalia. Hatukuzungumza habari za Jumapili iliyopita. Yeye hajui kama nilimsikiliza.

Jumanne, 21 Julai

Nimekwenda hospitali baada ya kazi. Shija amelala karibu na dirisha. Mkono wameukata. Mkewe alikuwa amekwenda kufua.

Alikuwa ameambiwa mimi ndiye fundi wa ile bunduki. Akajaribu kukaa ili anishukuru. Nikamwomba alale. Kisha nikamwambia yote: kisu, sanduku, siku zile mbili. Sikumtaja dada.

Alinitazama. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa.

Halafu akasema ana kiu. Nikamimina maji, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.