Mbegu za Chia Hazitoki Mezani Kwangu

Karakana ya Kujalidi Vitabu,
Mlango wa Kijani, Nyuma ya Stesheni.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya lolote, hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Na lile goti lako, limeshapatana na ngazi za nyumba yenu au bado mnagombana kila asubuhi? Sisi huku wazima. Mimi ndiye mzima kuliko wote, na balaa limeanzia hapo.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Unaniambia niachane na hizo mbegu, niishi na Kaka kwa amani. Mdogo wangu, maneno hayo nayajua yalikotoka. Hata mikato yake ni ya Kaka. Sasa kwa kuwa umeshasikia upande wake, sikia na wangu, ndipo uamue kama utaisaini ile karatasi aliyokutumia. Baba alituachia karakana watatu, na wawili wakikubaliana wanaweza kumtoa wa tatu. Wa tatu safari hii ni mimi.

Nianze na mbegu zenyewe, maana naona unazidharau bila kujuana nazo. Chia ni vimbegu vidogo, vyeusi na vya kijivu, ukivimwaga mezani utadhani mtu amechonga penseli. Nilikutana navyo kwenye kitabu cha lishe tulicholetewa kujalidi. Tabia yangu unaijua, sikati ukingo wa kitabu kabla sijajua kinasema nini. Kilisema vina nyuzinyuzi nyingi za kusaidia tumbo, vina protini, kalsiamu, na yale mafuta mazuri tuliyozoea kuambiwa yako kwenye samaki. Nikasema, haya, tuonane.

Ulivyokuwa ukinijua, nilikuwa nakunywa chai na mkate mweupe saa nne, halafu basi. Ikifika saa tisa alasiri mkono unatetemeka kwenye kisu, na kitabu kinatoka na ukingo kama meno ya msumeno. Muuza nafaka sokoni akaanza kuniimbia kwamba chia inaponya hiki, inaponya kile, mpaka akafika kwenye wivu wa mume. Nikamwambia, "Mume nilishazika, nipimie za njaa tu."

Basi natia vijiko viwili kwenye kikombe kikubwa cha maziwa, nakoroga, nasubiri dakika tano, nakoroga tena. Usipokoroga mara ya pili zinajikusanya pembeni madonge madonge, kama ndugu wanaogawana urithi. Naziacha zilale humo hadi asubuhi, zinavimba, zinakuwa laini kama uji mzito. Nakatia ndizi, nakula. Siku nyingine nazitia kwenye uji wenyewe, au kwenye maji ya limau. Ila kavu usizile kamwe: zinavuta maji na kuvimba, na koo si mahali pa kuvimbia.

Sikufichi mabaya yake. Wiki ya kwanza tumbo lilinguruma mpaka wateja wakawa wananipa pole. Nilianza na nyingi mno na maji nikanywa machache, kosa langu. Tena zinakwama kwenye meno. Mzee Rula, fundi wetu wa tangu enzi za Baba, alicheka na karani wa shule, mteja wetu, siku nzima hajui ana nukta nyeusi menoni kama mwisho wa sentensi. Ndiyo, Mzee Rula naye anakula. Alianza kwa kuonja "nione tu", na sasa ana kikombe chake.

Ila saa tisa siku hizi mkono wangu hautetemeki. Sisemi ni muujiza. Nasema nimeshiba.

Sasa tuje kwenye balaa. Gundi yetu ya unga wa ngano tunaipika wenyewe na kuiweka kwenye chupa za jamu, rafu ya chini. Nami chia yangu iliyokwisha kuvimba kwenye maziwa nikaiweka kwenye chupa ya jamu, rafu ya juu yake, bila kuandika kitu. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Karani yule wa shule alikuwa ametuletea madaftari kumi na mawili ya mahudhurio, migongo imeachia. Mimi nikatoka kwenda kununua uzi. Kaka akanyanyua chupa, akachovya brashi, akapaka migongo yote kumi na miwili. Hata alijisifu, akasema gundi ya leo imelainika vizuri.

Mzee Rula aliona kila kitu. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, akanijibu, "Bosi hakuniuliza. Halafu nilidhani ni njia yenu mpya."

Kesho yake karani alikuja. Akainua daftari la kwanza: jalada likaja naye, kurasa zikabaki mezani zikimtazama. Akakwaruza mgongo kwa ukucha, akaangalia alichokipata.

"Hizi ni mbegu?"

"Ni ufundi mpya," Kaka akasema, bila hata kupepesa.

"Basi mimi nirudishieni wa zamani."

Mdogo wangu, nilicheka. Nakiri. Nilijaribu kukohoa lakini kilitoka kicheko. Na nadhani ni kicheko hicho, si chia, kilichoandika ile karatasi. Karani alipotoka tu, Kaka akanigeukia: "Chakula cha kasuku kimenivunjia heshima kwenye karakana ya baba yangu. Mbegu au meza. Chagua."

Nikamwambia nachagua vyote viwili, na kwamba huyo baba alikuwa wangu pia.

Hapo ndipo alipokuandikia. Wifi, mkewe, alinipitia nyumbani kunisihi niombe radhi tu mambo yaishe. Ni mtu mwema, sikumjibu vibaya. Nilimwambia kwa chupa isiyoandikwa jina nimeshaomba radhi, na sasa imeandikwa CHAKULA kwa herufi kubwa kama kidole. Kwa kula, siombi radhi. Miaka thelathini nimesimama kwenye kile kisu nikiwa na njaa, na hakuna aliyeitisha kikao.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia Wifi wala Mzee Rula. Chia haifanani na gundi. Gundi ni nyeupe na inanuka unga. Chia imejaa nukta nyeusi, mtu mwenye macho anaiona toka mlangoni. Kaka haoni, mdogo wangu. Chukua karatasi aliyokutumia uitazame: mstari wa saini ameupitisha katikati ya sentensi. Mezani kwake anapapasa kwa vidole, rula anaisomea puani, na miwani hataki kuisikia kwa sababu Baba alifia kazini bila kuvaa miwani. Akikubali kwamba alikosea chupa, atakuwa amekubali yote hayo. Kwa hiyo lazima mbegu ziwe na hatia, na mimi niliyezileta.

Namhurumia. Ni kaka yangu. Lakini sitafukuzwa ili macho yake yaonekane mazima. Na chia sitaiacha hata kwa siku moja ya kumbembeleza, maana siku nitakayoificha nitakuwa nimesaini ile karatasi kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu niliingia kama kawaida. Nikaweka kikombe changu mezani, nikala mbele yake, kijiko kwa kijiko, bila haraka. Kisha nikachukua yale madaftari, nikaosha migongo, nikapika gundi, nikayashona upya. Siku tatu. Jana jioni nilipokata ukingo wa la mwisho, Kaka alikuja akalipitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini. Kidole chake kinaona vizuri sana.

"Limenyooka," akasema.

"Bado natoka?"

"Nasubiri barua ya mdogo wako." Hakusema mdogo wetu. Nimelisikia hilo.

Basi barua inayosubiriwa ni yako. Sikuombi unihurumie, na amani ya kunyamaza usinitakie tena. Nakuomba usisaini, na umwandikie Kaka aende kwa daktari wa macho. Wewe alikubeba mgongoni utotoni, atakusikia. Mimi akinisikia anasikia kile kicheko. Umwandikie kwa herufi kubwa. Ukiona heri usaini, saini, lakini uje mwenyewe kunitoa, maana kwa posta sitoki.

Nisalimie Shemeji na wale wapwa zangu wawili, yule mrefu na yule mbishi. Wifi anakusalimu, hajui nimekuandikia haya. Mzee Rula naye anakusalimu, anauliza kama huko chia inapatikana, na kama huko nako inakwama kwenye meno. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya na goti jipya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwa umekosea,

Mkata Kingo

Leo asubuhi Kaka amefika kabla yangu. Nilipoingia nilimkuta amesimama kwenye rafu, ameishika ile chupa karibu kabisa na uso, anajaribu kusoma nilichoandika. Sikumsomea. Nilivuta kiti, nikakaa, nikamwacha asome mwenyewe, hata kama itachukua siku nzima.