Sauti ya Mama kwenye Mashine ya Amade

Palma, Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu wewe na wote waliomo humo ndani. Mimi mzima, ila kisigino kinanivuta nikisimama sana jikoni. Mgongo wa shemeji vipi? Na Rehema wangu anakula? Mtoto yule mimi nikiwa mbali haombi chakula, anaona haya, usimngoje aseme. Maji ya kisima yamepungua chumvi au bado?

Kwanza nikwambie, barua hii isome peke yako. Shemeji asikusomee, hata kama mwandiko wangu unakusumbua. Utaona sababu.

Huku kazi ipo. Tangu waseme gesi imeonekana huko chini ya bahari, Palma imejaa wageni, na helikopta zinatupitia juu hadi kuku wanakimbia. Mimi nipo palepale kambini kwa watu wa gesi, namenya viazi. Nimemwomba mkubwa wa jiko ruhusa nije mwanangu Rehema atakapochezwa unyago na kutolewa nje, kakataa. Kasema nikiondoka, getini wapo wanawake wanaongoja nafasi yangu. Na ni kweli, nawaona kila asubuhi.

Ndiyo maana nilikuahidi nyimbo za mama. Unazikumbuka zile tatu za unyagoni, alizoniimbia mwaka wake wa mwisho, nikamshikia simu karibu na mdomo? Aliniuliza, "Kinanasa hiki?" Nikamwambia kinanasa. Akasema, "Basi mwanamume asizisikie." Zimo kwenye kadi ya simu, kijidude kama ukucha. Nikasema kama mimi siji, mwali atamsikia bibi yake.

Sasa mwezi uliopita kadi ikagoma. Simu inasema haioni kitu. Nikaipeleka kwa Amade, yule mwenye kibanda cha kompyuta nyuma ya soko, anayewatilia watu miziki na sinema kwenye simu zao. Mtu mzima, mpole, ana mke na watoto. Akasema, "Mama Rehema, kadi hii ya kusafishwa. Navitoa vyote naviweka kwangu, naisafisha, navirudisha." Kesho yake nikachukua kadi yangu, nikasikiliza nimejifunika mto kichwani, mama yumo. Nikashukuru.

Jikoni nikamsimulia Somoe, mwenzangu wa viazi, yeye ni mtu wa Mtwara. Akaweka kisu chini.

"Na kwenye mashine yake, umeziacha?"

"Si amenirudishia?"

"Dada! Kukurudishia siyo kuzitoa."

Mimi nilidhani ni kama sufuria, Zuhura. Jirani akiazima sufuria akakurudishia, kwake haipo tena. Nani angeniambia kuna kitu kinarudi kwako na kinabaki kwake?

Nikatoka kazini na aproni kiunoni, moja kwa moja hadi kwa Amade. Watu wamejaa, mmoja anataka qasida, mmoja anataka mpira. Nikamwambia palepale, "Vitu vyangu vimo humo?" Akasema vimo, havimdhuru. Nikamwambia avitoe. Akabonyeza, akasema tayari, vimeingia kwenye kapu.

"Kapu lipi?"

"Kapu la taka la kompyuta, mama. Limo humuhumu."

"Kwa hiyo vimo humuhumu."

Watu wakacheka. Akamwaga kapu. Nikauliza vimekwenda wapi, maana sijaona kitu kimetoka. Hapo, namshukuru, hakunidanganya. Akasema ndani ya mashine hamna sauti wala picha, kuna namba, sifuri na moja, nyingi kuliko mchanga, na mashine ikizisoma ndipo inatoa sauti. Kunakili ni kuziandika namba zilezile mahali pengine, zile za kwanza wala haziguswi. Na kufuta ni kufuta jina kwenye orodha tu. Namba zinakaa pale mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake. Nikamwelewa hivi: ni kama mwalimu wa madrasa amekata jina la mtoto kwenye daftari, na mtoto bado kaketi mkekani.

"Basi andika kingine juu," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Mimi nimekaa."

Nikavuta kigoda. Akaanza kujaza mashine sinema na mipira mpaka isibaki nafasi. Ikachukua mchana wote. Mmoja kwenye foleni akasema, "Mama huyu anaficha nini, dhahabu?" Mwenzie akamjibu, "Anaficha gesi! Wazungu wanaitafuta baharini, kumbe anayo yeye." Nikacheka nao, sikuondoka. Nikamwuliza Amade kama amempa mtu. Akaapa hakumpa. Alipomaliza akanionyesha, imejaa, haipokei hata picha moja. Nikamwombea heri, nikainuka.

Sijafika barabarani, namsikia anafagia huku anapiga mluzi. Wimbo wa pili, Zuhura. Wa mama.

Nikarudi. "Huo umeutoa wapi?"

Fagio likasimama. "Nilijaribu kama kadi inasema, mama. Kidogo tu. Sikujua kama ni..." Akainamisha uso. Mtu mzima yule, aliona aibu hadi mimi nikamwonea huruma. Kichwani kwake ningemwaga kapu gani?

Nimefikiri wiki nzima. Wimbo wa kwanza na wa tatu hakuzisikia, nimemwuliza mara mbili. Hizo mbili mwali aimbiwe kwa sauti ya bibi yake. Kadi nimeishonea kwenye pindo la kanga nyekundu, anakuja nayo Somoe, anavukia mpakani Namoto. Ukitaka kumpa kungwi, simu kwa simu, mkiwa wawili chumbani. Kibandani usiipeleke.

Wimbo wa pili usiimbwe. Ufute hata kwenye kadi. Badala yake nimemtungia Rehema mwingine, una jina lake na la mama ndani, na sikuunasa popote. Nimemfundisha Somoe siku nne tukimenya viazi, mpaka akiukosea anajikemea mwenyewe. Yeye atamfundisha kungwi, kungwi atamfundisha mwanangu. Nao pia, nimegundua, ukimpa mwenzio unabaki nao.

Nisalimie shemeji, mwambie barua ilikuwa ya mambo ya kanga. Nisalimie mama mkwe wako, na kungwi wetu, mwambie namshika miguu. Rehema mwambie siku hiyo akiusikia wimbo asiotaraji, asitafute simu. Ni mimi.

Dada yako,
Mama Rehema