Salamu Mlangoni kwa Babu

Miyuji, 10 Januari 2025

Baba, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, ila nina hasira na sitaificha.

Mjukuu wako Emilia amerudi kutoka likizo kwako. Jana mke wa Msafiri, jirani yetu hapa, aliwapakulia watoto wali. Emilia akaumwaga chini, akasema hali chakula cha wauaji. Ana miaka saba. Kwamba Msafiri ni mtoto wa Nathanaeli wa huko Kibaigwa, kayajua hayo kwako. Ulimwambia nini?

Mwanao, Penina

Kibaigwa, 19 Januari

Marahaba. Miguu inauma, na mvua imegoma.

Nilimwambia kweli. Mwaka wa njaa ng'ombe wa Nathanaeli walimaliza mtama wetu, mdogo wako Luka akafa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe umenyamaza, mimi nimefunza. Wewe ulipokuwa mdogo hukuambiwa mara mbili.

Baba yako

Miyuji, 2 Februari

Baba, shikamoo. Huku wazima.

Kweli, sikuambiwa mara mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Ulisema, "Laiti zizi la yule mtu lingelala wazi." Nikaenda nikalifungua. Fisi wakaua mbuzi kumi na mmoja. Nathanaeli akadhani ni uzembe wa Msafiri, akampiga hadi akamvunja mkono. Haukunyooka tena, namwona nao kila asubuhi akibeba maji.

Wewe ulichinja jogoo ukanipa firigisi, nyama yako mwenye nyumba. Sijawahi kuona fahari kama ile. Emilia anasema naye umempa.

Haji tena mpaka umwambie mwenyewe kwamba watoto wa Msafiri hawakuua mtu.

Mwanao, Penina

Kibaigwa, 11 Februari

Penina. Salamu sina. Luka nilimzika mimi, ndani ya gunia, kwa kukosa sanda. Usinifundishe. Kaeni hukohuko.

Bartolomayo

Miyuji, 23 Aprili

Baba, shikamoo. Sijui hata kama utaisoma hii.

Pasaka tulikuja na Msafiri hadi kwa baba yake. Nikayasema ya zizi mbele ya wote, Emilia akisikia. Mzee Nathanaeli alilia. Msafiri alitoka nje, na mpaka leo hanisalimii. Ana haki.

Kisha tukapita mlangoni kwako. Emilia alikuamkia. Ulimtazama, ukageuka. Akakuamkia tena.

Njiani akaniuliza, "Mama, sasa na babu tumchukie?"

Nilimwambia hapana. Lakini nilikawia kumjibu, baba.

Mwanao, Penina